SOMO LA LUGHA: Tusome Silabi za Kiingereza kwa Masikio ya Chuoni



Wanafunzi wetu wapenzi, pamoja nanyi wazazi mnaolipokea jarida hili kila mwaka, safari hii tumepewa ukurasa wa lugha. Huenda baadhi yenu mkashangaa kumwona ustadhi wa tajwidi anaandika habari za Kiingereza. Tuna sababu.

Alitujia binti mmoja, mwanafunzi wetu tangu akiwa mdogo, ambaye sasa yuko kidato cha kwanza. Tukamwuliza habari za shule. Akasema, "Ustadhi, masomo naelewa, lakini kusoma kwa sauti nimeacha." Kumbe siku moja alisimamishwa darasani asome kitabu cha Kiingereza, akakutana na neno "short-sighted", maana yake mtu asiyeona mbali. Yeye akasoma "shoti-saitedi". Wenzake wakaangua kicheko, na tangu siku ile wakamgeuzia neno hilo kuwa jina lake. "Hata jibu nikilijua, Ustadhi, mkono sinyoshi."

Jambo hili lilituuma sana. Ulimi wa binti huyu tunaujua. Anatofautisha qaf na kaf bila taabu, na ha ya kooni haimtatizi. Ulimi wa namna hiyo hauwezi kushindwa na "short-sighted". Na tukumbuke wazazi, kwamba watoto wetu wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wakifika sekondari karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Mtoto anayeogopa kufungua mdomo hakosi alama za Kiingereza peke yake. Anaogopa kuuliza swali la biolojia, anaogopa kuuliza hesabu, na miaka minne ni mingi kwa mtu kukaa kimya.

Kwa hiyo tumechagua maneno ya aina ile ile iliyompata binti yetu, yaani vivumishi ambatani. Hayo ni maneno mawili au zaidi yaliyounganishwa, mara nyingi kwa kistari, yakawa sifa moja: "hard-working" mchapakazi, "well-known" mashuhuri, "kind-hearted" mwenye moyo mwema, "open-minded" mwenye kupokea mawazo ya wengine.

Kwanza tujitazame sisi wenyewe. Silabi ni pigo moja la sauti. Chukua jina la hapa kwetu: Mi-su-gu-su-gu. Piga kofi kila silabi, utapata makofi matano, na kila kofi limeishia kwenye irabu. Nenda Kibaha: Ki-ba-ha, matatu. Nenda Mlandizi: M-la-ndi-zi, manne, na hapo herufi m imesimama peke yake ikawa silabi nzima bila irabu yoyote. Mshike huyo m, tutamhitaji mbele. Mkazo nao, katika karibu maneno yote, unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: Misugu-SU-gu, Ki-BA-ha. Ni maneno machache tu yanayotoka nje ya mstari. Tunasema baraBAra ya Morogoro, lakini mambo yakiwa sawasawa tunasema baRAbara. Herufi ni zile zile, mkazo umehama, maana imekuwa nyingine.

Mazoea haya ya kuishia kwenye irabu ni ya zamani mno, wala Kiingereza sicho cha kwanza kupitishwa humo. Waarabu wanasema "waqt", silabi moja. Sisi tumesema wakati, silabi tatu. "Aql" tukaifanya akili, "ilm" elimu, "hukm" hukumu. Waingereza walipokuja nao hawakupona: "shirt" ikawa shati, "blanket" blanketi, "card" kadi. Ni Kiswahili sahihi hicho, mtu asione haya kusema shati. Neno likishahamia kwetu hufuata sheria za nyumba yetu.

Kisa cha kuchekesha zaidi ni cha maneno ambatani. Pale magari yanapozunguka njia panda tunapaita kipilefti. Neno hili limetokana na maneno mawili ya Kiingereza ya kumwamuru dereva ashike kushoto, "keep left". Sisi tuliposikia "kip-left" hatukukata hapo. Tulikata ki-pilefti, tukaona ki- ya kitu na kiti, na wingi wake tukasema vipilefti! "Mudguard" nayo, kile kinga cha tope juu ya gurudumu la baiskeli, Mwingereza anakata mud-guard. Sisi tukasikia ma-digadi, tukadhani ma- ni ya wingi kama mawe na maji, basi likiwa moja tukaliita digadi. Na kabla ya hayo yote tulikwishafanya hivyo kwa "kitab", ambayo kaf yake ni ya asili ya neno, tukasema kitabu na vitabu. Hii inatuonyesha kwamba mtu hugawa silabi kwa sikio alilozaliwa nalo. Atakapo kusoma lugha ya wenzake, ni lazima alifundishe sikio mahali pengine pa kukata.

Sasa tuje kwenye habari njema. Sikio hilo la pili ninyi wanafunzi wa chuoni mnalo tayari. Nani aliyewafundisha kufunga herufi bila kuipa irabu? Sukuni. Mtoto wa miaka saba anayesoma kwa alifu na ba za kuunganisha anajua kwamba "ham" katika "al-hamdu" imefungwa kwa mim, hasemi "alihamudu". Akisimama mwisho wa maneno anaangusha irabu. Mitaani anasema Ramadhani, akiwa mbele ya ustadhi anasema Ramadhan na anaishia hapo kwenye nun. Mitaani msikiti, kwenye msahafu masjid. Hata katika Kiswahili chetu yapo maneno yenye sukuni katikati: daf-ta-ri, mak-ta-ba, lab-da, sul-ta-ni. Hakuna anayesema "dafutari", ila kwa utani.

Basi lile neno "short-sighted" liandike akilini kana kwamba linawekewa sukuni: short, t ina sukuni, sight, t nyingine, halafu ed, d ina sukuni. Makofi matatu: short/sight/ed. Binti yetu alipiga sita: sho-ti-sa-i-te-di. Vivyo hivyo "hard-working" ni hard/work/ing, matatu, lakini wengi wetu tunapiga matano: ha-di-wo-ki-ngi. "Well-known" ni mawili tu, sisi tunafanya manne: we-li-no-ni. "Kind-hearted" ni matatu, tunafanya sita. Mtazame mtakuta mara nyingi tunaongeza maradufu, na msikilizaji ambaye sikio lake linategemea makofi matatu akipewa sita hupotea njia, hata kama herufi zote umezitamka.

Kumbukeni pia kwamba irabu mbili zinazofuatana kwetu ni silabi mbili, kama ka-a na ta-i, lakini "ai" ya "sight" na ya "kind" ni pigo moja linaloteleza. Wenye tajwidi watakumbuka ile herufi ya lini, ya yenye sukuni baada ya fataha, kama katika "bayt". Hapo hatusemi ba-i-ti, tunasema bayt. Ndiyo sauti ya jirani kabisa.

Tuwaonye jambo moja, kwa sababu tumelisikia kwa wanafunzi wetu hodari. Herufi tano za kalkala, qaf, ta nzito, ba, jim na dal, zikipata sukuni zinatikiswa kidogo. Mwanafunzi aliyezoea akifika kwenye "hard" anaitikisa d, na mtikiso huo ukizidi unageuka kuwa irabu, tukarudi kule kule kwa "hadi". Kiingereza hakina kalkala. Katika "hard-working" ulimi unakwenda mahali pa d, unakaa, kisha midomo inafungua w. (Na hata katika tajwidi kalkala si ruhusa ya kutia irabu kamili, lakini hilo tutawasomea Jumamosi.)

Je, herufi mbili zikigongana kwenye kistari? Hapa ndipo somo la idghamu linapofaa. "Hot-tempered", mtu mwepesi wa hasira: t ya "hot" inakutana na t ya "tempered". Mwingereza hatamki t mbili mbalimbali. Ulimi unapanda mara moja, unasubiri kidogo, unashuka mara moja, kama herufi mbili zinazofanana, ya kwanza ikiwa na sukuni. "Well-loved" nayo ni hivyo hivyo kwa l. Katika "bad-tempered", d na t zinatoka mahali pamoja, kwa hiyo ulimi haubanduki baina yake. Mkisema "badi-temperedi" mmeubandua.

Mahali pa kutoka herufi ni elimu ambayo mabingwa wa Kiarabu waliishughulikia mapema sana. Al-Khalil bin Ahmad, katika karne ya pili ya Hijra, alipanga kamusi yake si kwa alifu na ba bali kwa mahali herufi inapotokea, akianza na ayn ya kooni. Mwanafunzi wake Sibawayhi akataja makharija 16, na baadaye Ibn al-Jazari, aliyefariki mwaka 833 wa Hijra, akahesabu 17. Waingereza nao walipata kamusi yao kubwa ya matamshi mwaka 1917, kazi ya Daniel Jones wa London. Kwa hiyo mwanafunzi wa tajwidi akifungua kamusi yenye alama za matamshi asijione mgeni.

Tuingie kwenye "-ed", maana hiyo ndiyo inayowaangusha wengi. Si kila "-ed" ni silabi. Tazama herufi inayosikika kabla yake. Ikiwa ni t au d, basi "-ed" inapata pigo lake: heart/ed, sight/ed, hand/ed, mind/ed, blood/ed. Ikiwa ni sauti nyingine, inajibana ndani ya silabi iliyotangulia. "Well-dressed", aliyevaa vizuri, ni makofi mawili, na mwisho wake husikika kama t. "Old-fashioned", ya kizamani, ni matatu: old/fash/ioned. Hiyo silabi ya mwisho inakaa juu ya n karibu bila irabu, na hapa namkumbusha yule m wa Mlandizi. Ukiweza kusema m-tu bila kusema "mu-tu", unaweza n hii, na l ya "middle" pia.

Yako maneno machache yaliyokataa sheria hii, na baadhi yake yamo katika vitabu vya dini vilivyoandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo myajue. "Learned" ikiwa ni sifa ya mwanachuoni ni silabi mbili, learn/ed. "Blessed", kwa mwezi mtukufu, ni bless/ed. Sisi wenyewe tulipokuwa tunasoma diploma tulipewa kusoma risala ya kumkaribisha mgeni, tukamwita sheikh huyo "lernd" mbele ya watu. Mgeni mwenyewe alitabasamu tu, akatueleza pembeni baada ya chakula. Tulimshukuru kwa ile pembeni kuliko kwa masahihisho. "Aged" nayo ina mambo yake: ikimaanisha mzee sana ni a/ged, mapigo mawili, lakini ndani ya "middle-aged", mtu wa makamo, ni pigo moja: mid/dle-aged, jumla matatu.

Baada ya silabi ni mkazo. (Baadhi ya vitabu vya sarufi ya Kiswahili huuita mkazo "shadda". Msichanganye na shadda ya msahafu, ambayo ni kuifanya herufi kuwa mbili.) Kiswahili kimetuzoesha mkazo usiokuwa na maswali, lakini Kiingereza kinataka umjue kila mtu na kiti chake. Hata hivyo katika maneno haya ambatani kuna njia mbili zinazosaidia mara nyingi.

Neno la kwanza likiwa ni sifa au namna, kama "good", "old", "bad", "kind", "well", "hard", mkazo mkubwa hukaa kwenye neno la pili: good-LOOKing, old-FASHioned, bad-TEMpered, kind-HEARTed, hard-WORKing. Lakini neno la kwanza likiwa ni jina la kitu kinachotendwa, na la pili likaisha kwa "-ing", mkazo hurudi kwa jina: LAW-abiding mwenye kufuata sheria, TIME-consuming yenye kula wakati, ENGlish-speaking mwenye kusema Kiingereza, GOD-fearing mchamungu. Wale simba wawili wa Tsavo waliowahangaisha wajenzi wa reli mwaka 1898 walikuwa "MAN-eating", wala watu. Ukiondoa kistari ukaweka mkazo kwenye "eating" na "lion", aliyesikia atadhani ni mtu ndiye anayemla simba!

Halafu kuna jambo ambalo walimu wengi hulipita. Mkazo ule wa neno la pili huhama. Ukisema "Ali is hard-WORKing", mkazo uko kwenye "work". Ukiweka sifa hiyo mbele ya jina, "a HARD-working BOY", mkazo unakimbilia mbele, kwa kuwa Kiingereza hakipendi mikazo miwili mizito ikae bega kwa bega. Msishangae, nasi tunao uhamisho wetu: ki-TA-bu, lakini ki-ta-BU-ni. Tofauti ni kwamba wetu unasukumwa na silabi iliyoongezwa, wao unasukumwa na neno la jirani.

Yapo maneno ambayo Mswahili hapotezi silabi hata moja. Hapa kwetu malori ya mzigo yanapita mchana na usiku kwenda Morogoro na nchi za mbali, na mengine yameandikwa "heavy duty". Soma: heav/y/du/ty, makofi manne, na sisi tunasema hevi-dyuti, manne vilevile, kwa sababu kila neno lake linaishia kwa irabu. Watoto wanaocheza kando ya barabara wanalitamka barabara. Lililobaki kwao ni mkazo tu.

Kwenye kuandika tuseme kwa ufupi. Mstari wa daftari ukiisha, kata pale palipo na kistari: "hard-" juu na "working" chini. Usikate "hard-wor" na "king", maana utapata mfalme asiyetarajiwa. Neno la silabi moja, kama "known", halikatwi kamwe. Umri ukiwa sifa mbele ya jina hauchukui s: "a twelve-year-old girl". Na "well known" likija baada ya jina, wengi huliandika bila kistari.

Ukikosa mwalimu, tafuta kamusi ya wanaojifunza Kiingereza. Ya A. S. Hornby, iliyotolewa kwanza huko Japani mwaka 1942 na kuchapwa Oxford mwaka 1948, bado inatolewa kwa matoleo mapya. Humo utaona kialama kidogo cha kusimama juu, kabla ya silabi yenye mkazo mkubwa, na kingine chini, kabla ya yenye mkazo mdogo. Baadhi ya kamusi huweka nukta kati ya silabi. Wazazi, kamusi moja ya mtumba inawatosha watoto wa nyumba tatu wakiazimana kwa uaminifu.

Na binti yetu? Tumekuwa tukikaa naye baada ya Alasiri, yeye na wenzake wanne, tunapiga makofi juu ya jamvi kama watoto wa chekechea. Siku ya kwanza alisema "short-sighted" kwa sauti ya kunong'ona. Siku ya tatu alicheka mwenyewe alipoteleza akasema "shoti". Darasani bado hajasimama kusoma. Ametuambia amekwishanyosha mkono mara moja kwenye biolojia, jibu lilikuwa la neno moja, akakaa upesi. Tunaendelea naye, na mwenye kutaka kujiunga aje na daftari lake.

ZOEZI. Andika maneno haya, yagawe kwa mistari midogo, andika idadi ya makofi, kisha pigia mstari silabi yenye mkazo mkubwa yakisimama peke yake: "left-handed", "open-minded", "short-tempered", "well-dressed", "mouth-watering", "middle-aged", "cold-blooded", "Swahili-speaking". Katika moja ya hayo mtakuta idghamu. Semeni ni lipi. Kisha tungeni sentensi mbili kwa "old-fashioned", moja sifa ikiwa mbele ya jina na nyingine ikiwa nyuma, mzisome kwa sauti mbele ya mzazi au ndugu, hata kama yeye hajui Kiingereza. Kazi yake ni kuhesabu makofi. Majibu yaletwe Jumamosi ya kwanza baada ya likizo, kabla ya darasa la tajwidi.

Wabillahi tawfiq.